Jeneza Lisiloshikwa Mlangoni

Mwambajuu, Kusini Unguja
11 Machi 1956

Kwa Hashil bin Nasser, mume wangu wa bure,

Salamu sikupi, maana huna pa kuziweka. Barua yako imefika na nimeisoma kwa sauti mbele ya baba, mama na kaka Machano, na sote tumekubaliana kwamba baridi ya London imekugandisha ubongo.

Shangazi, mama yako, alikuja kututembelea wiki iliyopita. Anasema Bwana Nasser hana raha kabisa. Alikupeleka Ulaya usome sheria, urudi umevaa joho, na wewe kimyakimya ukahamia darasa jingine. Watu wakimuuliza mwanawe anasomea nini, anajibu, "Anasoma," kisha anageuza mazungumzo. Shangazi naye akanivuta pembeni jikoni: "Kazija mwanangu, hebu nambie, hiyo anthropolojia si ndiyo ile dawa ya meno?"

Nimemwambia ni elimu ya kuwatazama watu na kuandika wanavyoishi. Akasema hiyo kazi wanaifanya majirani zake wa Kiponda siku zote, tena bila kwenda London.

Sasa baba anauliza, ukishahitimu utakula wapi? Nimemjibu kwamba utazunguka majumbani kwa watu ukiuliza, "Nyie mnaoana vipi? Mnazikana vipi?" mpaka upate mwenye panga. Baba akacheka hadi kikohozi kikamshika. Kikohozi hicho hakimwachi siku hizi. Anasema akifa uje mwenyewe ulishike jeneza, maana mpwa wake ni wewe peke yako, na hakuna mwenye mdomo mchafu kukushinda.

Usiporudi mapema nitaolewa na mtu mwenye kazi inayotamkika.

Ni mimi mkeo usiyemlisha,
Kazija binti Usi


London
6 Mei 1956

Kwa Kazija, mke niliyepewa bila kuulizwa,

Barua yako nimeisoma kwenye basi nikacheka peke yangu, mzungu aliyekaa pembeni akahama kiti. Umenifukuzia jirani kama unavyowafukuza wachumba.

Mwambie mjomba nimeshaandika insha yangu ya mwisho, na habari yake ni sisi. Ndiyo, mimi na wewe. Nimeandika juu ya utani wa Mwambajuu, kwamba mtoto wa dada na watoto wa mjomba wake huitana mume na mke hata kama hawajaoana, hutukanana na hakuna anayekasirika. Kwamba siku ya msiba mpwa hulishika jeneza mlangoni, akamtukana maiti, akakataa lisitoke mpaka apewe chochote, hata ugoro. Nimeeleza kuwa jeneza likitoka bila kushikwa, ni kama kusema marehemu hakuwa na mtu. Mwalimu wangu aliposoma sehemu hiyo aliinuka kitini. Amesema hajaona mwanafunzi aliyeujua utani kwa undani kama mimi.

Kuhusu kazi, usinicheke sana. Walitukusanya tunaomaliza wakatueleza milango iliyopo. Kuna kufundisha chuoni, na kwetu chuo kikuu hakuna. Kuna kazi ya jumba la makumbusho, na kiti chenyewe kina mtu na afya yake ni njema. Mwenzangu mmoja ameajiriwa na kampuni ya sabuni, atakwenda kuwauliza wake za watu wanafua vipi. Mwingine amekuwa padri. Kilichobaki ni serikali za makoloni, ambazo zinataka watu wa kuzieleza desturi za wenyeji. Sikuutafuta mlango huo, lakini ndio ulio wazi. Baba ameandika kwamba nikirudi bila ya kazi nisipite mbele ya nyumba yake mchana.

Nitarudi mwezi wa nane. Nitunzie pweza, wewe na meno yako ya jembe.

Mumeo,
Hashil


Kiponda, Mjini
22 Oktoba 1956

Kazija, mke wangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama amerudi kutoka kwenu jana, macho yamemvimba. Mjomba Usi alikuwa ndiye mtu wa kwanza kunifundisha kutukana vizuri, na Mungu amsamehe kwa hilo na kwa mengine yote.

Najua umekasirika kwamba sikuja. Habari ilinifikia Alhamisi alfajiri, na Alhamisi hiyo hiyo saa tatu niliitwa mbele ya wakubwa kuulizwa juu ya kazi. Nimerudi tangu mwezi wa nane nikizunguka na shahada yangu mkononi. Ofisi moja imeniambia hawahitaji mtu wa mila, nyingine ikanipa kazi ya kuandika kwa taipu. Baba hali nami meza moja. Ningewaambia wale wazungu ninakwenda kushika jeneza, wangemwita mwingine. Nikasema mjomba mwenyewe angenielewa.

Kazi nimepata! Ni mtafiti wa desturi, katika ofisi inayoshughulika na ardhi. Baba kanikaribisha mezani. Na bahati ilivyo nzuri, kazi ya kwanza ni kusini, huko huko kwenu. Serikali inafikiria kuanzisha shamba la majaribio kwenye uwanda wa Mwambajuu, na mimi nitaeleza wenyeji wanalionaje jambo hilo. Kwa hivyo tutaonana, nami nitakula pweza wako mgumu.

Deni la mjomba nitalilipa. Nikija nitasimama mlangoni kwenu nimtukane hapo hapo hata kama keshalala, na wewe utanipa ugoro.

Mumeo mwenye mshahara,
Hashil


Mwambajuu
9 Novemba 1956

Hashil,

Usiniite mke.

Mama yako alipanda gari la abiria peke yake akaja. Sisi tulidhani umebaki nyuma kidogo. Walipoliinua jeneza, Machano aliwaambia wasubiri. Watu wakasimama na maiti mabegani, jua kali, wanaume wanatazamana. Mama yako akawa anaitazama njia. Sheikh akasema si vizuri kumcheleweshea maiti. Jeneza la baba yangu likatoka mlangoni, na hapakuwa na mtu aliyelishika.

Wewe uliandika mwenyewe maana yake ni nini. Ukasifiwa.

Tumemzika uwandani kando ya babu, mahali alipolima pilipili hoho maisha yake yote. Mjini mnasema uwanda mkifikiri ni pahali patupu. Si patupu. Kila jiwe pale lina ukoo wake, na huko ndiko tunakolima na ndiko tunakozika. Hatuna ardhi nyingine.

Wazee wamekaa wakasema, na Machano akanitaka nikuandikie kama walivyosema: atakayekanyaga uwanda na minyororo ya kupimia, atazikwa nayo. Wapelekee wakubwa zako maneno hayo kama yalivyo. Na wewe usije kwetu. Huna ugoro hapa, huna pweza, na huna mjomba.

Kazija


Kiponda
14 Januari 1957

Kazija mke wangu mkali,

Nimeisoma barua yako nikapiga meza! "Atazikwa nayo." Mjomba hajafa, amehamia kwenye kalamu yako. Nilikuwa na hofu kwamba msiba utakuzima, kumbe ndiyo kwanza umenolewa.

Nilikuja Mwambajuu mwezi uliopita na bwana mkubwa wangu, wewe ulikuwa skuli unasomesha. Wazee walitupokea kwa matusi ambayo sijapata kuyasikia. Mmoja akasema nimezaliwa na punda wa mkokoteni. Machano akasema nikirudi tena atanikata miguu aitumie kuni. Bwana mkubwa alianza kubadilika rangi, nikamtuliza. Nikamweleza kwamba mimi ni mtoto wa dada yao na hawa ni watani zangu, na kwamba ukali huu ndio mapenzi yao. Wangekuwa na chuki kweli, nikamwambia, wangetupa maji ya kunywa na adabu nyingi.

Nimeandika hivyo hivyo katika ripoti, na barua yako nimeitia humo kuwa mfano. Imewapendeza sana. Bwana mkubwa anasema sasa ameelewa kwa nini maofisa waliopita waliogopa bure. Wapimaji watakuja baada ya mvua za vuli kwisha kabisa, na hakutakuwa na matata.

Unaona elimu yangu ilivyo na faida? Nimewaepusha askari.

Mumeo,
Hashil


Mwambajuu
3 Machi 1957

Hashil,

Wapimaji wamekuja. Walianza upande wa makaburini. Machano akawaendea na jembe, hakumpiga mtu, akaukata mnyororo wao na kuwaambia yale yale tuliyokuandikia. Jioni wakaja askari wakamchukua. Yuko rumande mjini, na shtaka ni kutishia kuua watumishi wa serikali.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Nilikuwa naandika na kutukana na wewe unacheka. Ningekutukana kwa lugha gani ndiyo ujue kwamba natukana? Utani wetu ulikwisha siku jeneza lilipotoka. Hapa hata mtoto anajua, asiyeshika jeneza hana utani tena na nyumba ile. Wewe uliyajua hayo mpaka ukayaeleza kwa Kizungu, kisha ulipofikishiwa wewe mwenyewe hukuyatambua. Wazee hawakukutania. Walikufukuza. Na wewe ukampa bwana mkubwa wako hasira zetu, ukamwambia ni kicheko.

Wakili tuliyempata ameisoma ripoti yako. Anasema ziko njia mbili. Ya kwanza ni wewe kusimama mahakamani useme maneno ya Machano yalikuwa utani. Hapo ataachiwa siku hiyo hiyo. Ya pili ni kusema hayakuwa utani. Kijiji kimekataa, na kimekataa tangu mwanzo. Hapo Machano atafungwa, pengine miezi sita, lakini pingamizi letu litakuwa limeandikwa mahakamani, na serikali haitaweza kuendelea kupima mpaka madai yetu ya ardhi yasikilizwe. Tukisema ni utani, basi hatukupinga, na ardhi imekwenda.

Nilikwenda rumande nikamuuliza kaka yangu. Amenijibu, "Mie sikutania. Mwambie Hashil nshakubali kufungwa. Asithubutu kunitoa kwa mchezo." Mkewe ana mimba na yeye pia amesema hivyo hivyo, huku analia.

Hutaki kunitazama machoni, usinitazame. Sikuombi mapenzi wala udugu. Nakutaka useme neno moja la kweli mahakamani, nalo ni kwamba ripoti yako ina makosa. Najua litakugharimu kazi. Ulisema mlango huo ndio pekee uliokuwa wazi. Sisi uwanda wetu ndio pekee.

Nimechoka na wewe, Hashil. Nakuchukia kama sijapata kumchukia mtu, na safari hii usicheke.

Kazija


Kiponda
28 Machi 1957

Kazija,

Machano yuko nyumbani, bila ya shaka umeshamwona. Najua hamna furaha. Nipe nafasi nikueleze.

Barua yako niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Sikucheka. Siku ya kesi niliamka na nia ya kusema ulivyotaka, Mungu ni shahidi. Nilimwambia mama pia, akanifunga kilemba mwenyewe akaniombea dua. Nilipoingia nikamwona bwana mkubwa amekaa nyuma, na baba pembeni yake, amevaa joho lake la Idi. Alikuja kunitazama mwanawe nikiitwa mtaalamu. Hajapata kunitazama vile tangu nilipoondoka kwenda Ulaya.

Hakimu akamuuliza Machano kama maneno yale aliyasema kwa kweli. Machano akajibu, "Kweli tupu. Sikufanya mchezo na sifanyi." Kisha wakanigeukia mimi. Hakimu akataka nimsaidie kufahamu, kwa kuwa ripoti inasema ni utani na mshtakiwa anasema si utani.

Nilimtazama Machano. Amekonda. Nikafikiri mkewe atazaa peke yake. Nikafikiri pia, sitakuficha, kwamba nikisema nimekosea, shahada yangu ni karatasi ya kufungia karanga. Yote mawili yalikuja pamoja na mpaka sasa sijui lipi lilitangulia. Nikasema kwamba kwa desturi ya Mwambajuu, mtani akiulizwa kama anatania hukana, na kukana kwenyewe ni sehemu ya utani.

Watu wakacheka. Hakimu naye akacheka, akafuta shtaka. Machano akapiga kelele, "Sitanii! Wallahi sitanii!" na kila alipopiga kelele watu walizidi kucheka. Askari mmoja alimpigapiga bega akamwambia aende nyumbani kwa mkewe.

Nimemtoa jela, Kazija. Nichukieni, lakini yuko nje. Ardhi nitaitetea mimi mwenyewe kutoka ndani. Wamenipandisha cheo, eneo lote la shamba la majaribio sasa litakuwa chini yangu, na nani atawatazama vizuri kuliko mimi? Nitahakikisha watu wa Mwambajuu ndio wa mwanzo kupewa vibarua.

Niandikie. Nitukane upendavyo, kwa utani au kwa kweli, mimi nitapokea. Kunyamaza tu usinyamaze.

Ndugu yako,
Hashil


Kiponda
20 Mei 1957

Kazija,

Hii ni ya tatu tangu ile ndefu. Neno moja tu, hata likiwa baya.

Hashil


Mwambajuu, Kusini Unguja
29 Juni 1957

Kwa Mheshimiwa Bwana Hashil bin Nasser,
Msimamizi wa Shamba la Majaribio, Mwambajuu

Mheshimiwa Bwana,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu nyingi na heshima, natumai u mzima wa afya pamoja na wazee wako. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Mke wa kaka yangu amejifungua salama mtoto wa kiume, naye amepewa jina la Usi.

Naandika kwa heshima kukuletea ombi. Kaburi la marehemu baba yangu, Mzee Usi, limo ndani ya uzio wa shamba ulilokabidhiwa, upande wa kaskazini baada ya nguzo za pembeni. Ni desturi yetu siku ya Idi, baada ya sala, wanaume wa nyumba kwenda kumsomea marehemu. Wiki iliyopita kaka yangu Machano alikwenda kupalilia majani kaburini. Mlinzi alimzuia langoni kwa upole, akamweleza kwamba hapiti mtu mpaka kwa idhini ya Bwana Hashil.

Kwa hivyo naomba, kwa niaba ya familia, uturuhusu siku ya Idi Kubwa asubuhi. Wataingia Machano na mwanawe mchanga, ambaye tungependa aonyeshwe kaburi la babu yake. Mimi na mama tutangoja nje ya lango, na hatutawasumbua wafanyakazi wako.

Ikiwa iko ada yoyote ya kutolewa ili lango lifunguliwe, tafadhali tujulishe mapema, nasi tutaileta.

Tunakushukuru kwa wema wako, na Mungu akuzidishie cheo.

Wako mtiifu,
Kazija binti Usi
Mwalimu, Skuli ya Wasichana